Javaramma, Chungu cha Ulezi na Barua Niliyoiandika Mimi

Tarehe 31 Mei mwaka huu wa 2024, saa kumi jioni, Dada Javaramma atavua aproni yake ya kijani na kuitundika kwa mara ya mwisho katika jiko la Hospitali ya Hisani ya Doddaveeramma, hapa Mandya. Atakuwa amewapikia wagonjwa wetu kwa miaka thelathini na minne kamili. Alianza kazi tarehe 1 Juni 1990, akiwa na umri wa miaka ishirini na sita. Kumbukumbu za ofisi ziko sawa, ila hazisemi kwamba ndani ya miaka hiyo imo miezi kumi na minne ambayo hakupika chochote. Alikuwa kwenye karo akiosha vyombo, na aliyempeleka huko ni mimi.

Mhariri wa jarida letu aliniomba ukurasa wa kuchangamsha. "Wewe ndiye mtaalamu wa lishe, Vanajakshi, umefanya naye kazi kuliko sisi wote," aliniambia. "Weka vichekesho viwili vitatu, weka shukrani, basi." Vichekesho nitaweka, maana kwa Dada Javaramma haviishi. Shukrani pia zitakuja. Lakini kuna jambo nimekaa nalo miaka saba likinichoma, na nikiliruka hapa nitakuwa nimemdhulumu mara ya pili.

Wafanyakazi wote mnaijua desturi yetu. Mstaafu mwenye faili safi huitwa jukwaani, akavishwa shali na taji la maua, akapewa kikapu cha matunda mbele ya jamaa zake. Mwenye barua ya onyo katika faili haitwi. Huyo hupita ofisini asubuhi, akachukua bahasha yake dirishani na kurudi nyumbani. Mpaka Ijumaa iliyopita, katika faili la Dada Javaramma kulikuwa na barua ya onyo. Ilitokana na taarifa niliyoiandika kwa mkono wangu, na taarifa hiyo ilikuwa ya uongo.

Nianze na mazuri.

Alikuja kutoka kijiji cha upande wa Malavalli, amedandia lori la miwa, akaajiriwa kufagia jiko na kuchemsha maziwa ya chai. Mpishi mkuu wa wakati huo, marehemu Bwana Kalegowda, alikuwa mtu wa hasira za karibu, na alimkataza kabisa asiguse mwiko wake. Mwaka 1996 Bwana Kalegowda akaanguka kwa homa ya matumbo, wagonjwa tisini wanasubiri chakula cha mchana na hakuna wa kusonga. Dada Javaramma akakunja sari yake, akaibana sufuria kwa miguu, akasonga ugali wa ulezi wa watu tisini peke yake. Bwana Kalegowda aliporudi baada ya wiki tano, kila wodi aliyopita aliulizwa, "Yule dada yuko wapi?" Alimkabidhi mwiko, yeye akakaa kwenye chai mpaka alipostaafu. Wanaosema wazee hawanyenyekei hawakumjua Bwana Kalegowda siku ile.

Ugali huo, ambao kwetu huitwa mudde, hufinyangwa ukiwa bado unatoa moshi, kwa viganja vilivyoloweshwa maji, mpaka uwe duara kama mpira. Kuna daktari mmoja kijana wa Bengaluru aliyetazama na kusema si kazi kubwa hiyo. Dada Javaramma akamsogezea sufuria. Dakika mbili baadaye yule daktari alikuwa anapakwa dawa ya kuungua na mwanafunzi wake mwenyewe. "Mpelekeeni chakula na kijiko kirefu," alisema Dada Javaramma, "vidole vyake vimestaafu kabla yangu."

Madaktari aliwapa majina kwa kile wanachobakiza sahanini. Daktari Nagabhushana, mkuu wa wodi ya wagonjwa wa Parkinson, ule ugonjwa wa kutetemeka, anajulikana jikoni kama Daktari Bamia, na nadhani leo ndiyo mara ya kwanza anajua. Mimi nilikuwa Madamu Karatasi. Nilipolisikia jina hilo nilikasirika siku nzima. Sasa naona alinihurumia, angeweza kunipa baya zaidi.

Niliajiriwa mwaka 2009. Nilikuja na cheti kizito na kichwa kilichovimba. Kitu ambacho sikumwambia mtu yeyote hapa ni kwamba nimezaliwa katika nyumba ya ulezi. Nimelelewa kwa mudde mchana na jioni, na uji wa ulezi asubuhi. Nilipokwenda kusoma bweni, wasichana wa mjini waliniona ninavyokula. Mudde haitafunwi, unachovya tonge katika mchuzi na kulimeza zima. "Wewe meno umepewa ya nini?" waliniuliza, na meza nzima ikacheka. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Tangu siku hiyo sikula tena mudde mbele za watu, na nilipopewa mamlaka ya kupanga chakula cha hospitali nzima, jambo la kwanza nililofanya ni kuufuta ulezi katika orodha.

Sababu nilikuwa nayo, tena nzuri. Wagonjwa wa Parkinson koo zao huzembea, na tonge la kumezwa zima linaweza kumkaba mtu. Hilo ni kweli. Lakini sikuishia kwenye tonge. Nilifuta na uji mzito, ambao mgonjwa wa namna hiyo huumeza kwa usalama kuliko hata maji. Nikafuta mboga za majani kwa kuwa zina nyuzi, nikafuta fiwi, zile kunde zetu, kwa kuwa zina maganda. Nikaweka mkate mweupe na maziwa, wali mweupe na supu nyepesi. Kwetu sisi mtu akiugua hata mafua tu huletewa mkate. Jamaa wanakuja na mkate chini ya kwapa, majirani wanakuja na mkate, na hakuna aliyewahi kuuliza mkate huo unamfanyia nini mgonjwa. Mimi niliyelipwa kuuliza sikuuliza.

Dada Javaramma aliuliza. Alikuja ofisini kwangu wiki ya tatu ya orodha hiyo, amejifuta mikono vizuri.

"Madamu, wazee wa wodi ya kutetemeka matumbo yao yamelala."

"Nani kasema? Mimi nawauliza kila asubuhi. Wote wanapata choo."

"Unawauliza mbele ya nani?"

Nikamwambia nina kazi nyingi.

Nililielewa swali lake, nisijitie hamnazo. Nilikuwa nikipita kitanda hadi kitanda na daftari, saa tatu asubuhi, wakati ambao wodi imejaa jamaa. Kitandani mzee wa miaka sabini, pembeni mkewe, miguuni mke wa mwanawe amejifunika ushungi kwa heshima. Mimi, mwanamke mwenye umri wa binti yake, nauliza kwa sauti, "Mzee, jana umepata choo?" Mzee wa Mandya atajibu nini hapo? Atasema ndiyo. Hata kama tumbo limekuwa jiwe atasema ndiyo, tena vizuri kabisa. Nami nikaandika ndiyo, kurasa kwa kurasa, miaka minane.

Wasomaji wa idara nyingine mtajiuliza choo kinahusiana vipi na mkono unaotetemeka. Daktari Nagabhushana hutueleza hivi. Utumboni mwa kila mtu wamo bakteria wengi wasiohesabika, na walio wema miongoni mwao hula kile tunachoshindwa kukisaga sisi, yaani nyuzinyuzi za nafaka, mboga na kunde. Wakishiba hutoa vitu vinavyoulinda ukuta wa utumbo. Wakikosa chakula huanza kuula ute wa ukuta wenyewe. Kwa wagonjwa wengi wa Parkinson bakteria hao wema huwa wachache, na kufunga choo mara nyingi hutangulia kutetemeka kwa miaka mingi. Tena dawa yenyewe ni ya kumeza. Tumbo likilala, dawa inachelewa njiani, na mgonjwa anakaa amekakamaa kama ubao akisubiri. Hakuna anayejua bado kama ulezi unaweza kuuzuia ugonjwa huu, na mtu asije akaninukuu kwamba nimesema unatibu.

Mwaka 2017 nikapata nafasi ya kufanya utafiti wa jambo hilihili pamoja na maabara ya chuo kikuu. Wagonjwa ishirini na wanne, kwa wiki nane. Kumi na wawili wapewe kila siku pakiti ya unga wa nyuzinyuzi, kumi na wawili wasipewe, wale tu chakula cha kawaida cha hospitali, kile cha orodha yangu. Sampuli za choo ziende maabara mwanzo na mwisho. Nilijiona nimefika.

Katika wale kumi na wawili wa bila pakiti alikuwamo Mwalimu Siddalingaiah, kitanda cha nne, mwalimu mkuu mstaafu ambaye amefundisha nusu ya watu wazima wa wilaya hii. Alikuwa mtu wa kunyoosha shati hata akiwa amelala. Kila asubuhi nilimuuliza swali langu, na kila asubuhi, mke wa mwanawe Sharadamba akiwa amesimama pale na chupa ya chai, alinijibu, "Ndiyo, mwanangu, asante."

Wiki nane zikaisha, majibu ya maabara yakaja. Wa pakiti walikuwa wameboreka kidogo. Wasio na pakiti walikuwa wameboreka sana, bakteria wao wema wameongezeka kupita wa wenzao. Mtaalamu wa maabara aliniandikia kwa adabu akiuliza hawa watu wanakula nini. Nikampelekea orodha yangu ya mkate na wali mweupe. Akaniandikia tena, safari hii bila adabu nyingi, kwamba haiwezekani.

Kesho yake nilikwenda jikoni saa moja asubuhi bila kubisha. Kwenye kona, nyuma ya magunia ya mchele, kulikuwa na chungu kikubwa cha uji wa ulezi uliochachuka vizuri, umekorogwa kwa mtindi mwepesi. Dada Javaramma alikuwa akibakiza kidogo cha jana kichachushe cha leo. Chini ya wali wangu mweupe, katika sahani kumi na mbili, alikuwa amefukia mboga za majani na fiwi zilizopikwa mpaka zikalainika.

"Hii ni nini?"

"Chakula, madamu."

"Nani amekuruhusu?"

"Hakuna. Lakini wale wenzao mmewapa kale kaunga ka pakiti, hawa mkawanyima. Nikaona si haki. Wote si wagonjwa?"

Hivyo ndivyo alivyouelewa utafiti wangu, kwamba kuna watu wamepewa na kuna watu wamesahauliwa. Na kwa namna anavyokula mtu wa kwetu, ambapo huwezi kumpakulia mmoja ukamruka aliyekaa naye mstari mmoja, hakuna njia nyingine ya kuuelewa. Sikuwa nimemweleza. Kumweleza mpishi kuhusu utafiti hakukunipitia akilini hata kidogo.

Angenikuta mtu mwenye akili timamu asubuhi ile angeniambia, kaa chini umuulize huyu mama ameona nini. Mimi nilikuwa na barua ya chuo kikuu mkononi na aibu usoni. Nilirudi ofisini nikaandika taarifa kwamba mpishi amevuruga utafiti kwa makusudi na kuhatarisha maisha ya wagonjwa. Kwamba wagonjwa hawakuwa na tatizo lolote la choo, kama daftari langu linavyoonyesha, hivyo hakuwa na sababu ya kubadilisha chakula chao.

Kamati ya nidhamu iliitishwa siku ya Alhamisi. Jumanne, Mwalimu Siddalingaiah aliniita kitandani kwake. Alisubiri mpaka Sharadamba alipokwenda kujaza chupa ya chai.

"Mwanangu, nimesikia habari za Javaramma. Nina la kukuambia." Mkono wake ulikuwa ukicheza juu ya shuka, akaukamata kwa mkono wa pili. "Mwanzoni mwa ule utafiti wako nilikuambia ndiyo siku kumi na moja mfululizo. Zote uongo. Sikupata choo hata siku moja. Nilishindwa kusema, mkwe wangu amesimama pale. Javaramma aliona sahani zangu zinarudi zimejaa, akaniuliza nikiwa peke yangu, nikamwambia. Ndipo akaanza kupika ule uji. Na wenzangu ni hivyohivyo, waulize faraghani."

Nilitazama mlangoni kama Sharadamba anarudi.

"Iambie kamati kwamba alikuwa na sababu. Ila nakuomba, jina langu usilitaje. Nimefundisha watu wazima wa mji huu, sitaki wanikumbuke kwa hilo."

Nikamwambia, "Sawa, Mwalimu."

Alhamisi kamati ilimuuliza Dada Javaramma swali moja kubwa. Rekodi zinasema wagonjwa wote walikuwa wakipata choo, wewe ulijuaje kwamba hawapati? Alisimama pale na aproni yake, akatazama sakafu.

"Nilijua tu," alisema.

"Nani alikuambia?"

"Hakuna aliyeniambia. Nilijua tu."

Mwenyekiti akanigeukia mimi, akauliza kama nina la kuongeza. Lilikuwa jambo la sentensi moja. Ningesema, mmoja wa wagonjwa amekiri kwangu kwamba rekodi si za kweli, basi, bila jina. Mama yule angerudi jikoni kwake siku hiyohiyo. Lakini nilijua swali la pili lingekuwa lipi. Kama rekodi za wiki hizo si za kweli, je, za miaka minane? Nikaiona kazi yangu yote inaporomoka mbele ya watu walewale niliotaka waniheshimu. Nikasema, "Sina la kuongeza." Niliyasema maneno hayo kwa sauti nzuri kabisa.

Akaandikiwa barua ya onyo, akahamishiwa kwenye karo. Kile chungu kiliamriwa kisuguliwe kwa majivu mpaka harufu ya uchachu itoke. Kwa kuwa yeye ndiye mwosha vyombo mpya, alikisugua yeye.

Miezi kumi na minne wodi ikarudi kwenye mkate na wali wangu. Daktari Nagabhushana alianza kuongeza dozi kwa mmoja, akaongeza kwa wa pili, akaongeza kwa wa tatu, akawa haelewi kwa nini dawa inachelewa kufanya kazi. Mimi nilikuwa na wazo la sababu yake. Nikaendelea kupita na daftari. Nilipokutana na Dada Javaramma kwenye ujia alinisalimia kila siku, "Umeshindaje, madamu," nami nilijifanya nasoma karatasi.

Septemba 2018 Mwalimu Siddalingaiah alilazwa tena. Ilikuwa inafika saa sita mchana kabla vidole vyake havijaweza kufunga kifungo cha shati. Wiki ya pili, akijikokota kwenda msalani kwa mara ya nne asubuhi hiyo bila kupata kitu, alianguka akavunjika nyonga. Sisemi mkate ndio uliomwangusha. Wazee wenye ugonjwa huu huanguka hata wakila vizuri. Nasema tu kwamba asubuhi ile alikuwa anakwenda msalani mara ya nne, na kwenye daftari langu la siku hiyo kumeandikwa ndiyo.

Siku ya tatu baada ya kuanguka, daktari akiwa kwenye mzunguko wake, mimi nyuma yake, wanafunzi sita, Sharadamba na jamaa wa vitanda vya jirani, Mwalimu alisema kwa sauti ile ya darasani.

"Daktari, sijapata choo siku tisa. Huyu binti wa lishe nimekuwa nikimdanganya. Nirudishieni mpishi wangu."

Sharadamba alishusha ushungi, akamfuta baba mkwe wake jasho la paji la uso. "Ungesema, baba," alimwambia. "Kwani mimi nani?" Na kutoka kitanda cha sita mzee mwingine akasema, "Mimi siku saba." Wa kitanda cha tisa akasema yeye ameacha kuhesabu. Wazee wakaanza kucheka, wanafunzi wakacheka, mpaka Daktari Nagabhushana akacheka. Mimi nilicheka pia ili nisionekane.

Wiki iliyofuata Dada Javaramma alirudishwa jikoni, kimyakimya, kwa neno la daktari tu. Alianzisha chungu kipya. Barua ikabaki failini, na hakuna aliyekumbuka kuiuliza. Nami, ambaye sikuisahau hata siku moja, sikuiuliza. Baadaye tulirudia utafiti vizuri, yeye akipika kwa kupima na mimi nikiwauliza wagonjwa faraghani. Ulifanikiwa kiasi cha kupewa cheti ambacho kimetundikwa ukutani pale mapokezi. Someni mkipita. Jina langu liko juu kwa herufi za dhahabu. Chini kabisa wameshukuriwa "wafanyakazi wa jiko". Walionipa nafasi ya kusahihisha maandishi kabla hayajachapwa walinipa siku tatu, na sikusahihisha.

Mwalimu hakutembea tena. Alikuwa akiletwa kwa kiti cha magurudumu kila mwezi, na alifariki mwaka 2021. Mwanawe na Sharadamba wameniruhusu kulitaja jina lake hapa. Sharadamba alisema, "Baba alishalisema mwenyewe mbele ya wodi nzima, wewe utaficha nini?"

Mwezi uliopita, nilipoona jina la Dada Javaramma halimo katika ratiba ya jukwaani, nilishindwa kuvumilia. Niliiandikia kamati nikaeleza yote niliyoyaeleza hapa. Ijumaa iliyopita wakaniita. Barua yake imeondolewa failini na kuchanwa mbele yangu. Barua nyingine imewekwa katika faili langu, na naikubali. Tarehe 31 Mei Dada Javaramma atapanda jukwaani. Nilikuwa nimeomba mimi ndiye nimvishe shali, lakini mwenye onyo haruhusiwi kupanda, kwa hiyo atavishwa na Sharadamba, na ni haki.

Jumapili nikapiga moyo konde, nikaenda nyumbani kwake kumpa habari. Nilimkuta uani anachambua majani ya mchicha. Nilimweleza habari za shali, kisha nikamweleza ya ile Jumanne, ya kitanda cha nne, na yale maneno yangu mbele ya kamati. Sikumtazama usoni. Hakuacha kuchambua.

"Najua," alisema. "Mwalimu aliniambia kwamba alishakuambia."

"Tangu lini?"

"Tangu nikiwa kwenye karo."

"Sasa mbona hukusema, dada? Ungeniumbua ukarudi jikoni."

"Ningesemaje bila kumtaja yeye?" Alitupa bua pembeni. "Karo halikuniua, mwanangu. Wewe nilishakusamehe siku nyingi, ulikuwa unaogopa, nilikuona. Lililonikera ni jingine."

Nikamuuliza ni lipi.

"Yule mzee alikufa anaamini ni yeye aliyeniponza. Kila alipoletwa alinitafuta jikoni kuniomba radhi. Alidhani siku ile ya kamati ulinyamaza ili kumtunzia siri yake, kwamba hukupata njia ya kusema bila kumvunjia heshima. Mpaka mwisho alikuwa anakusifu. 'Yule binti ni mtu wa ahadi,' aliniambia. 'Ameniheshimu kuliko nilivyostahili.'"

"Nawe ukamwambia nini?"

"Ningemwambia nini? Nilimwacha aamini. Alikuwa anafurahi kuamini."

Kisha akanitilia majani ya mchicha katika mfuko, akasema nisiyachemshe mno.

Dada Javaramma, kwa niaba ya wafanyakazi wote wa hospitali hii, na wagonjwa waliopita mikononi mwako tangu mwaka 1990, tunakushukuru. Tunakuombea afya, magoti yasiyouma, wajukuu wanaomaliza sahani zao, na asubuhi nyingi za kulala mpaka jua litoke. Hayo ni ya wote. Kwa upande wangu mimi, kamati imenipa adhabu yangu na wewe umenipa msamaha nisioustahili, nami nimevipokea vyote viwili. Sifa za Mwalimu sijui nizipeleke wapi. Alinipa kwa moyo safi, hazikuwa zangu, na mwenyewe hayupo tena nimrudishie.